Fungu la Baba

Katika nyumba nyingi za pwani na za bara, ndoa ikipitiwa na mwaka wa pili bila ya kusikika kilio cha mtoto mchanga, macho ya jamaa wote humwelekea mke. Shangazi huja na majani ya kuchemsha. Kungwi huitwa akamhoji faragha. Mwalimu huandika kombe kwa zafarani, likanywewa siku saba. Na ikiwa hayo yote hayakufaa, mke hupelekwa hospitali akapimwa damu, akapigwa picha ya kizazi, akaandikiwa vidonge. Muda wote huo mume hukaa barazani na wenzake, kahawa mkononi na pakiti ya sigara mfukoni, na akiulizwa habari za nyumbani hujibu kwa unyonge kwamba riziki bado. Wala katika wazee wote wale wenye hekima hapana hata mmoja anayethubutu kumgeukia na kumwuliza kama yeye naye amepimwa.

Lugha yenyewe imetusaidia kupotea. Neno tasa tumelibandika kwa mwanamke hata likawa kama jina lake la pili, ilhali kwa mwanamume tumeridhika kuuliza kama ni rijali au ni hanithi, tukidhani kwamba kila mwenye nguvu za kiume anazo mbegu za kiume pia. Dhana hiyo ni ghalati. Mtu anaweza kuwa rijali asiye na shaka, na manii yake yakitiwa chini ya hadubini isionekane humo mbegu hata moja. Na mwingine anaweza kuwa nazo, lakini chache, goigoi, au zenye kasoro ndani ya vichwa vyake isiyoonekana kwa jicho la tabibu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba katika kila watu wazima sita ulimwenguni mmoja hupatwa na tatizo la kukosa uzazi katika maisha yake. Na matabibu wa fani hii wanakubaliana kwamba katika kadiri ya nusu ya ndoa zinazokawia kupata mtoto, mume ana sehemu yake katika sababu, ama peke yake ama pamoja na mkewe.

Sababu za upande wa mume ni nyingi, na akthari yake hazimo katika hiari yake: mishipa ya damu iliyovimba katika korodani, maradhi ya zinaa yaliyoziba mirija, matubwitubwi yaliyompata ukubwani, au kasoro aliyozaliwa nayo. Lakini ipo moja anayoinunua mwenyewe kwa fedha yake, akaiwasha kwa kiberiti chake, na ambayo angeweza kuiacha leo kabla jua halijatua. Nayo ni tumbaku. Taathira yake katika uzazi wa mwanamume imechunguzwa kwa miaka mingi. Na jambo ambalo wengi hawajalisikia ni kwamba moshi wa baba haukomi kwa baba, bali waweza kumfuata mtoto ambaye, wakati sigara ile ilipowashwa, mimba yake ilikuwa bado haijatungwa.

Ili tuelewe jinsi hayo yanavyowezekana, yafaa turudi nyuma kidogo tutazame jinsi wanadamu walivyokuja kujua fungu la baba katika mtoto. Mwaka 1677, katika mji wa Delft huko Uholanzi, mfanyabiashara wa nguo aliyeitwa Antonie van Leeuwenhoek, ambaye alikuwa na mapenzi makubwa ya kusugua vioo mpaka vikakuza vitu vidogo mara nyingi, aliyatazama manii na kuona viumbe visivyo na idadi vikitikisa mikia. Baada yake walitokea wataalamu waliodai kwamba ndani ya kichwa cha kila kiumbe kile mna mtu mdogo aliyekwisha kamilika, na kwamba mwanamke ni shamba tu la kumwoteshea. Na wengine wakadai kinyume chake, kwamba yote yamo katika yai na manii ni kichocheo tu. Mabishano hayo yalidumu karibu miaka mia mbili, mpaka mwaka 1875, Mjerumani Oscar Hertwig alipochunguza mayai ya mnyama wa baharini wa jamii ya yule mwenye miiba kama nungu anayewachoma wavuvi nyayo maji yakipwa, akaona kwa macho yake kiini cha mbegu moja kikiungana na kiini cha yai. Tangu hapo ikawa bayana kwamba baba na mama hutoa sawa kwa sawa, na leo twajua kwamba kila mmoja hutia kromosomu 23. Mambo haya ndiyo yanayotufunza kuwa fungu la baba ni nusu nzima ya maandishi ambayo mtoto ataumbwa kwayo. Na mwenye kuandika nusu ya kitabu hawezi kujivua lawama kitabu kikiwa na makosa.

Maandishi hayo hunakiliwa kila siku katika korodani, ndani ya mirija myembamba ambayo lau ingenyoshwa ingefika mamia ya mita. Humo mna seli mama ambazo hugawanyika tangu balehe mpaka uzee, na katika mwanamume mwenye siha njema mbegu zaidi ya elfu moja hukamilika kila sekunde. Ingawa idadi ni kubwa, kazi yenyewe si ya haraka: mbegu moja huchukua kiasi cha siku 74 tangu kuanza kuumbwa hadi kuwa na kichwa na mkia, kisha hupita kwa muda wa siku kumi au zaidi katika mrija mrefu uliojizongazonga nyuma ya korodani, ambamo hukomaa na kujifunza kuogelea. Jumla yake ni takriban miezi mitatu. Msomaji na aishike hesabu hiyo moyoni, kwa maana tutairudia.

Mbegu inapokaribia kukamilika hufanya jambo la ajabu. Vinasaba vyake, ambavyo katika seli nyingine zote za mwili vimelegea kama tanga lililotandazwa juani, hukunjwa na kukazwa kwa protini maalumu mpaka vikaenea katika kichwa kisichoonekana kwa macho. Kisha karibu uteute wote wa seli hutupwa, ili mbegu iwe nyepesi. Ni kama jahazi linalotosa shehena yake baharini lipate kwenda mbio, na katika kutosa huko likatupa pia nyundo, pamba na sifa za kalafati. Jahazi hilo litakwenda kwa kasi, lakini likitoboka njiani hapana fundi wala chombo cha kuliziba. Seli nyingine za mwili zikidhurika katika vinasaba vyake zina njia nyingi za kujitengeneza; mbegu iliyokomaa haina njia hizo, na kila tobo linaloipata katika siku zake za mwisho hubaki nalo mpaka ikutane na yai.

Sasa tuulete moshi. Katika moshi wa sigara mna kemikali zaidi ya 7,000, na katika hizo zisizopungua 70 zinajulikana kuwa huleta saratani. Mna nikotini, ambayo ndiyo kamba inayomfunga mvutaji, mna madini ya kadimi, ambayo mmea wa tumbaku huyafyonza katika udongo na kuyaweka majanini, mna risasi, na mna benzopaireni, sumu itokanayo na kila kitu kinachoungua bila ya kuteketea sawasawa. Watu hudhani kwamba moshi huishia mapafuni, na kwamba anayehofia sigara na ahofie kifua chake. Walakini mapafu ni mlango tu. Mlangoni hapo sumu hupokelewa na damu, na damu haina mahali isipopafika. Ndiyo maana wachunguzi waliopima manii ya wavutaji wamekuta humo nikotini pamoja na mabaki yake, na kadimi pia.

Madhara makubwa ya sumu hizo hufanana na kutu. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa habari za kutu: huona jinsi upepo wa chumvi unavyokula bawaba za milango na mabati ya paa, kidogo kidogo, usiku na mchana. Moshi nao hutia mwilini chembe kali za oksijeni ambazo hushambulia kila zinachokigusa, na mbegu ya kiume ni windo jepesi kwao, kwa sababu ngozi yake imejengwa kwa mafuta laini yanayoharibika upesi, na kwa sababu, kama tulivyosema, haina fundi. Ngozi ikiharibika, mkia hulegea na mwendo hupungua. Na chembe zikipenya kichwani hukatakata nyuzi za vinasaba. Katika miaka ya 1990 kundi la wataalamu wa Berkeley huko Marekani, ambamo alikuwamo Bruce Ames, lilionyesha kwamba vinasaba katika mbegu za wavutaji vina majeraha mengi zaidi ya kutu hii kuliko vya wasiovuta, na kwamba mwili unapopungukiwa na vitamini C, ile ipatikanayo katika machungwa, mapera na ndimu, majeraha huzidi. Sigara, fauka ya kuleta kutu, huipunguza vitamini hiyo hiyo mwilini. Ni mwizi anayevunja mlango akaondoka na kufuli.

Hayo ni ya ndani. Na ya nje yanayohesabika nayo yapo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021 kwa maabara, limeweka vipimo vya chini vilivyopatikana kwa kuwapima wanaume waliowatia wake zao mimba katika muda usiozidi mwaka mmoja: mbegu milioni 16 katika kila mililita, 42 katika kila 100 ziwe na mwendo, na 4 katika kila 100 ziwe na umbo kamili. Mwaka 2016 wachunguzi walikusanya tafiti 20 zilizofanywa kwa kufuata miongozo ya shirika hilo, zenye jumla ya wanaume 5,865, wakazilinganisha pamoja. Na walichokipata ni kwamba uvutaji wa sigara huandamana na upungufu wa idadi ya mbegu, upungufu wa mwendo wake na kuharibika kwa umbo lake, na kwamba upungufu huo ni mkubwa zaidi kwa wavutaji wa kadiri na wa kupindukia, na kwa wale ambao tayari wana taabu ya uzazi. Hapo ndipo lilipo shauri. Mwenye milioni 80 akipoteza robo, hasara hiyo haitamfanya mgumba. Lakini aliye na milioni 18, akipoteza robo hiyo hiyo, ameshuka chini ya mstari, na nyumba yake itaanza kutembelewa na mashangazi wenye majani ya kuchemsha.

Nasikia mtu akisema barazani: Mbona mzee fulani amevuta kiko tangu ujana wake, naye ana watoto kumi na mmoja? Ni kweli, nasi twamwombea mzee umri mrefu. Wapo pia waliovuka barabara wakiwa wamefumba macho wakafika ng'ambo salama. Wataalamu hawasemi kwamba kila mvutaji atakosa mtoto; wanasema kwamba ukiwapanga wavutaji elfu upande huu na wasiovuta elfu upande ule, upungufu utaonekana upande huu. Wala watoto kumi na mmoja hawathibitishi kwamba mbegu za mzee zilikuwa salama, kwa sababu hakuna aliyehesabu mimba zilizoharibika kati yao, na pumu ya huyu na udhaifu wa yule havikupata kuulizwa vilitoka wapi.

Liko na jambo la pili ambalo wanaume hulificha. Nguvu za kiume zenyewe ni kazi ya mishipa ya damu, nayo mishipa ile ni myembamba kuliko ya moyo. Sigara huiziba na kuikaza kama inavyofanya kwa moyo, na aghalabu yule aonaye udhaifu wa nguvu zake katika miaka ya arobaini ameonywa mapema juu ya moyo wake. Ni kejeli ya dunia kwamba matangazo ya zamani yalimwonyesha mvutaji kuwa ndiye dume hasa, juu ya farasi, kifua wazi. Na ndoa ikifika kwa matabibu wa kutungisha mimba nje ya mwili, njia iliyoanza kuzaa mtoto Uingereza mwaka 1978, sigara ya mume hufuata huko pia: imeonekana kwamba mafanikio hupungua mume akiwa mvutaji, hata pale tabibu anapoichagua mbegu moja na kuitia ndani ya yai kwa sindano. Kwani sindano huweza kuivusha mbegu iliyokosa mwendo, lakini haiwezi kuyasahihisha maandishi yaliyomo kichwani mwake.

Wengine hujitoa katika habari hizi kwa kusema kwamba wao hawavuti sigara, wanakaa tu na wenzao kwa shisha jioni, au wanatia kipande cha tumbaku katika tambuu, au wananusa ugoro kidogo. Maji ya shisha huupoza moshi wala hayausafishi, na mtu akikaa na bomba saa nzima huvuta moshi mwingi kupita wa sigara moja kwa mara nyingi sana. Tena makaa yake huongeza sumu zake. Tanzania iliipiga marufuku shisha mwaka 2016, Kenya na Rwanda mwaka 2017. Tumbaku ya kutafuna haina moshi, lakini nikotini na kadimi zimo, na wanaume watafunaji waliochunguzwa India walionekana kuwa na mbegu dhaifu kadiri walivyozidisha kutafuna. Ama bangi, vijana 1,215 wa Denmark walipochunguzwa, waliovuta zaidi ya mara moja kwa juma walikuwa na mbegu chache kwa asilimia 28 kuliko wasiovuta.

Tumfikie sasa mtoto, ambaye ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Mbegu yenye majeraha si lazima ishindwe kulifikia yai; mara nyingi hulifikia. Yai, kwa rehema iliyomo katika maumbile, lina mafundi wake, nalo hujitahidi kuyashona yaliyochanika upande wa baba. Lakini fundi akizidiwa na kazi hukosea mishono, na wakati mwingine huacha. Mwaka 1999 wataalamu wa Toronto, Kanada, walikuta katika viinitete vichanga alama za benzopaireni zilizoshikamana na vinasaba, na wakaonyesha kwamba zilifika humo kwa njia ya mbegu za baba mvutaji. Huko China waliwafuatilia wanawake waliokuwa wameolewa karibuni, wafanyakazi wa viwanda vya nguo wasiovuta wenyewe, wakapimwa mkojo kila siku ili mimba ijulikane tangu chimbuko lake. Na habari iliyotolewa mwaka 2004 ilieleza kwamba wake wa waume waliovuta sigara 20 au zaidi kwa siku walipoteza mimba changa zaidi kuliko wake wa wasiovuta. Nyingi katika mimba hizo hutoka kabla mwanamke hajajua kuwa anayo. Yeye huona tu kwamba mwezi umechelewa kidogo kisha umekuja, na watu wa nyumbani husema bado hajashika.

Kwa wale wanaozaliwa hai, ushahidi umekusanywa katika milango mitatu. Wa kwanza ni moyo. Mwaka 2019 wachunguzi wa China walizijumlisha tafiti 125 zilizohusu watoto 137,575 waliozaliwa na kasoro za moyo, na wakaona kwamba uvutaji wa baba uliandamana na ongezeko la asilimia 74 la hatari ya kasoro hizo, wa mama mwenyewe asilimia 25, na mama kuvuta moshi wa watu wengine asilimia 124. Asilimia zisimtishe msomaji kupita kiasi: kasoro za moyo humpata takriban mtoto mmoja katika kila mia, na ongezeko kama hilo lingewafanya wakaribie wawili. Lakini na atafakari kwamba moshi wa watu wengine anaoupumua mama aghalabu hutoka kinywani mwa mtu mmoja, naye ni mumewe.

Mlango wa pili ni saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliwakutanisha wataalamu wake mwaka 2009, wakahukumu kwamba uvutaji wa wazazi husababisha aina moja ya saratani ya ini inayowapata watoto wadogo. Na juu ya saratani ya damu ya utotoni wakasema kwamba ushahidi upo ila haujatimia. Baadaye, mwaka 2012, wachunguzi wa Australia waliongeza shahidi mwingine, wakaona uhusiano kati ya ugonjwa huo na baba kuvuta sana, sigara 20 na zaidi kwa siku, katika wakati wa kutungwa mimba.

Mlango wa tatu ndio unaostaajabisha kuliko yote. Wataalamu wa Bergen, Norwei, waliwachunguza watu zaidi ya 24,000 katika nchi za kaskazini mwa Ulaya, wakaona kwamba pumu ilizidi kwa watoto ambao baba zao walivuta kabla ya kuwapata, na ilizidi hasa kwa wale ambao baba zao walianza kuvuta kabla ya kutimiza miaka 15, yaani miaka mingi kabla ya ndoa, na hata kama baba huyo aliacha zamani. Yawezekanaje moshi wa mvulana wa miaka 14 ufike kifuani mwa mtoto atakayezaliwa baada ya miaka 15 au 20? Jawabu wanalolipendekeza hueleweka kwa urahisi na yeyote aliyepata kukaa mkekani kwa mwalimu na ubao mkononi. Andika be mbili kwa herufi za Kiarabu: ukizitia fataha husomeka baba, ukizitia kasira husomeka bibi, na ukizitia dhuma husomeka bubu. Herufi hazikubadilika, zilizobadilika ni irabu juu na chini yake, na maana ikawa nyingine kabisa. Vinasaba navyo vina irabu zake, alama ndogo za kikemia zinazoiambia seli neno lipi lisomwe na lipi linyamaziwe. Na wakati wa kubalehe, seli mama za mbegu zinapoamka kuanza kazi, irabu hizo hupangwa upya, na moshi ukiingia wakati huo waweza kuzivuruga. Mwaka 2023 wataalamu wa Southampton pamoja na wenzao wa Bergen walizichunguza alama hizo katika watu 875 wa umri wa miaka 7 hadi 50, wakakuta mahali 19, katika jeni 14, ambapo watoto wa baba walioanza kuvuta kabla ya miaka 15 walitofautiana na wengine. Na baadhi ya jeni hizo zina uhusiano na pumu na unene. Kabla yao, mwaka 2006, uchunguzi uliofanywa katika eneo la Bristol, Uingereza, uliwakuta baba 166 waliokiri kwamba walianza kuvuta kabla ya miaka 11, na wana wao wa kiume walipofika miaka 9 walikuwa wanene kuliko wenzao.

Insafu yanilazimu niseme jinsi kadhi mwadilifu angeupima ushahidi huu. Juu ya madhara ya tumbaku katika mbegu zenyewe, mashahidi ni wengi, wametoka miji mbalimbali, na maneno yao yanaafikiana. Hukumu inaweza kutolewa. Juu ya mtoto, mashahidi wapo na wanazidi, lakini baba avutaye kabla ya mimba aghalabu huvuta na baada ya kuzaliwa mtoto, katika chumba kile kile, na si rahisi kutenganisha madhara ya mbegu na madhara ya hewa. Wachunguzi hujitahidi kuyatenga kwa hesabu, na majaribio ya wanyama huwaunga mkono: panya dume waliovutishwa moshi huko Kanada, katika uchunguzi wa mwaka 2007, walipata mabadiliko katika vinasaba vya seli mama za mbegu, na mabadiliko hayo hayakuondoka moshi ulipokoma. Basi mwenye busara hangoji mpaka shahidi wa mwisho aape ndipo azime sigara. Kwani anayeshukiwa hapa hana faida yoyote ya kuwekwa ndani ya nyumba.

Mambo haya yana uzito wa pekee katika nchi zetu. Katika uchunguzi mkubwa wa mwaka 2018, Watanzania wazima waliotumia tumbaku ya aina yoyote walikuwa asilimia 14.6 ya wanaume na asilimia 3.2 ya wanawake. Na Kenya mwaka 2014 walikuwa asilimia 19.1 ya wanaume na asilimia 4.5 ya wanawake. Maana yake ni kwamba kwetu, tumbaku ikimfikia mtoto, aghalabu imemfikia kupitia kwa baba. Lakini katika kliniki zetu anayeonywa juu ya chakula, vidonge na moshi ni mama, naye hurudi nyumbani akiwa na nasaha zote alizopewa, akamkuta mwenye sigara amelala. Na wavulana je? Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 na ile ya Kenya ya mwaka 2007 zinakataza kumwuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Walakini ni nani kati yetu hajamwona mtoto wa miaka kumi akitumwa dukani kununua sigara mbili za baba yake, na akirudi huziwasha kwa kijinga cha mekoni, akavuta kidogo ili moto ushike? Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, wakimaanisha malezi mema. Nasi twamkunja mtoto wetu vibaya katika umri ule ule ambao mbegu za wajukuu wetu zinaanza kutengenezwa.

Bishara njema ndiyo niliyoiahirisha hadi mwisho. Seli mama zilizodhurika zaweza kubaki na makovu yake, na ndiyo sababu kijana asianze kabisa. Lakini mbegu zinazoumbwa kila siku ni mpya, na wanaume walioacha sigara walipopimwa baada ya miezi mitatu, vipimo vyao vilionekana kupanda. Hapa ndipo inapohitajika ile hesabu niliyomwomba msomaji aishike. Mwanamume akiitupa sigara yake ya mwisho siku mwezi wa Rajabu unapoandama, akapita nao, akapita na Shaabani, akaingia Ramadhani ambamo mchana wake tayari amezoea kukaa bila ya moshi tangu alfajiri hadi magharibi, basi asubuhi ya Idi mbegu karibu zote alizo nazo zitakuwa zimeumbwa katika mwili usio na moshi. Asiyefuata mwandamo wa mwezi na ahesabu majuma kumi na matatu katika kalenda yake. Aachapo atasumbuliwa: hasira, kukosa usingizi, kutamani, siku za mwanzo ndizo nzito, na mashaka makubwa hupungua baada ya majuma machache, na tabibu anaweza kumsaidia kwa nasaha na kwa dawa za kuituliza hamu ya nikotini. Mkewe asiongezewe kazi ya kumchunga. Ameshughulishwa vya kutosha.

Nanyi wazee wa barazani, mashangazi na makungwi, kijana akija kuposa mnamwuliza ukoo wake, kazi yake na mahari yake. Mwulizeni pia, kwa upole, kama anavuta. Na ndoa ikikawia, wapelekeni hospitali wote wawili siku moja, mume akiwa wa kwanza kupimwa; kwa kuwa kipimo chake ni chepesi, hakina kisu wala maumivu, na kingeliwaepusha wanawake wengi na miaka ya kunywa makombe kwa kosa lisilokuwa lao.